Prufu ya Pili Husomwa na Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo, na mlango ulifunguliwa saa mbili. Nilitoka mtaa wa Makongeni, Nairobi, kwa miguu, nikavuka reli, nikaingia eneo la viwanda nikiwa nimevaa viatu vya mke wa mjomba ambavyo vilinizidi kidogo. Mjomba alikuwa fundi wa reli na ndiye aliyenipa pa kulala: chumba kimoja, watu sita, mimi wa saba. Jana yake alikuwa ameniambia, "Nekesa, ofisi za watu hazingoji mtu." Basi mimi ndiye niliyeingoja, nimesimama langoni na bawabu akinitazama kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Ilikuwa kampuni ya kuchapisha vitabu. Nilidhani nitapewa kalamu nyekundu na meza yangu. Nilipewa kiti tu. Msomaji Mkuu wa Prufu, mama mmoja mrefu aliyeitwa Bi. Keziah, aliniketisha mkabala naye na kunisukumia rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mkono.

"Unajua kusoma?"

"Najua. Nina cheti."

"Cheti weka nyumbani. Soma."

Nikaanza kusoma kwa madaha, sauti ya kanisani kabisa. Sijamaliza mstari wa pili akagonga meza. "Umeacha koma." Nikarudia. Akagonga tena. "Hapo ni aya mpya, mbona hukusema?" Kumbe kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Prufu ni karatasi za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijapigwa chapa, ili makosa yashikwe mapema. Mmoja wetu, anayeitwa mshika mswada, husoma kwa sauti yale mwandishi aliyoyaandika, kila kitu, hata koma, nukta, herufi kubwa na mabano. Mwenzake hufuata kwenye prufu kwa ncha ya penseli. Kila nusu saa wanabadilishana. Ukicheka, unaanza ukurasa upya. Ukilia vilevile.

"Sisi hatusomi hadithi," Bi. Keziah aliniambia siku hiyo. "Tunasoma karatasi. Siku utakayoanza kusoma hadithi, uniambie nikuhamishie kwenye vitabu vya hesabu."

Nyinyi mnaoandika siku hizi mnacheka nikiwaeleza haya. Chekeni. Lakini anayetaka ushauri wangu wa kwanza ndio huo: tafuta mtu, mketi mkabala, msomeane kazi yako kwa sauti. Sentensi mbovu ukiisoma kimyakimya inapita. Ukiitoa mdomoni inakukwama kooni na mwenzako anakuona ukiona haya. Ukikosa mtu kabisa, jirekodi kwa simu kisha ujisikilize ukifua nguo. Utakaposahau kusikiliza na kuanza kuwaza sabuni, hapo ndipo pa kukata.

Nilikuwa sijathibitishwa kazini bado ulipoletwa mswada wa Wanjiku. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Gikomba, kazi yake kupunguza na kupanua nguo za mitumba, na alikuwa ameandika riwaya nzima kwenye madaftari kumi na moja ya shule. Aliyaleta mwenyewe, amefunga kwa utepe wa kupimia nguo. Mhariri Mkuu, mzee mpole ila mkavu wa maneno, aliyasoma wiki nzima mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alisema, "Huyu mama anaandika." Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya mtu.

Hadithi ilikuwa ya msichana aliyeachwa kijijini kwa shangazi, mama yake akaenda Nairobi kutafuta kazi. Anakua na kinyongo. Anakuja mjini, anamtafuta mama, anampata, na kwa sura nyingi anamhukumu kwelikweli. Kisha karibu na mwisho kuna kurasa kama mbili hivi ambapo mama anafungua mdomo na kujieleza. Baada ya hapo kitabu chote kinageuka. Msomaji anagundua kwamba alikuwa amesikia upande mmoja tu.

Prufu ya kwanza tuliisoma mimi na Bi. Keziah kama sheria ilivyotaka. Tulipofika kwenye zile kurasa mbili, zamu ya kusoma kwa sauti ilikuwa yangu. Sauti ilinikatika. Bi. Keziah akagonga meza, "Upya." Nikaanza upya, ikakatika tena palepale. Mara ya tatu nilifika mwisho. Kwa hiyo zile kurasa nilizisoma mara tatu kwa sauti, na hazikunitoka tena.

Tukatia alama za masahihisho, prufu ikarudi kwa mpanga herufi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu. Mpanga herufi alipozipanga upya zile kurasa, jicho lake liliruka. Wanjiku alikuwa ameanza aya mbili tofauti kwa maneno yaleyale, "Mvua ilikuwa haijanyesha bado." Yule bwana alipanga ya kwanza, akainua macho, alipoyarudisha yakatua kwenye ya pili. Kila kilichokuwa katikati kikabaki nje, na kilichokuwa katikati ni mama kujieleza. Ni kosa la kawaida katika kazi hii, na ndiyo sababu prufu ya pili husomwa na watu wawili sawasawa na ya kwanza.

Siku hizo Bi. Keziah alikuwa amekwenda Vihiga kumzika kaka yake. Nikajiambia, hiki kitabu nakijua, nitakisoma peke yangu. Wala madaftari sikuyafungua. Nilipofika pale palipopungua, nawaapia sikuona pengo lolote. Kichwa changu kilikuwa kimejaa maneno ya yule mama, kikanisomea chenyewe visivyokuwepo. Nikatia sahihi chini, "Ipigwe chapa," kwa mwandiko mzuri wa kujivunia.

Vitabu vilitoka Jumatano. Alhamisi wakati wa chakula nilichukua nakala moja, nikaketi kwenye ngazi za stoo na kipande changu cha muhogo, nikafungua moja kwa moja kurasa nizipendazo. Nikatafuta mbele. Nikatafuta nyuma. Yesu wangu! Mama alifungua mdomo, na aya iliyofuata binti alikuwa ameshaondoka zake. Muhogo niliuacha palepale ngazini.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini nilijua jambo moja: Jumapili ile kitabu kilikuwa kinazinduliwa katika ukumbi wa kanisa la kina Wanjiku, huko Bahati, na mama yake mzazi alikuwa anakuja kutoka Murang'a kuketi mbele. Wanjiku alikuwa ametuambia siku alipokuja kutazama jalada. Mama yake hakujua kusoma. Angesomewa. "Nimemwambia kuna mahali nimemwandika yeye," alisema, akicheka kwa woga. Kitabu kile bila zile kurasa kilikuwa binti anayemshtaki mama yake mbele ya waumini wote.

Nikamwendea Mhariri Mkuu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na aliposikia neno "peke yangu" alivua miwani.

"Madaftari yako wapi?"

Tukashuka stoo. Msimamizi wa stoo akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba kitabu kikishatoka madaftari na prufu hufungwa gunia moja na kuchukuliwa na watu wa karatasi kuukuu. Walikuwa wamepita asubuhi hiyo. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Stoo ilikuwa ndogo na hakuna aliyeuliza. Wakati tunaongea, huenda riwaya ya Wanjiku ilikuwa inafungia watu njugu mahali fulani.

"Bwana Mhariri, mtanifukuza?"

"Hayo ni ya Jumatatu," alisema. "Leo ni Alhamisi. Nenda ukamwambie mwenyewe. Muulize kama ana nakala. Akikuandikia upya, tutachapa karatasi hiyo na kuibandika kwenye kila kitabu, hata kama itabidi nibandike mimi."

Gikomba nilikwenda kwa miguu, na sikumbuki njia. Nilimkuta Wanjiku kibandani, mguu uko kwenye pedali ya cherehani, pini mdomoni. Aliponiona akazitema kiganjani na kutabasamu. "Msichana wa ofisi! Umeniletea kitabu?"

Nilimwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alichukua nakala, akatafuta pale, akasoma, akakifunga, akakiweka juu ya rundo la suruali.

"Mama anapanda gari kesho asubuhi," alisema. "Nimemtumia nauli. Nimemnunulia na leso."

"Una nakala, mama?"

"Nakala ya nini? Mimi nilijua vitabu vinapelekwa kwenu kutunzwa." Hapo ndipo sauti ilipopanda. "Mnajua niliziandika vipi? Niliziandika mara moja tu, nikilia, watoto wakiwa shuleni. Nani hukumbuka aliyoyasema akilia? Nikiandika leo nitaandika hasira. Hasira ninazo, tena juu yako wewe!"

Alikuwa na haki. Kibanda cha pili walikuwa wanafungua belo la nguo, watu wanasukumana, na mimi nasikia maneno ya yule mama wa kitabuni yakija yenyewe, moja nyuma ya jingine. Nikasema, "Mimi nayakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Yote. Niliyasoma mara tatu kwa sauti. Hata koma."

Akavuta karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo vya nguo, akaigeuza, akachukua kalamu. "Sema."

Nikasema. Nilisema na koma na nukta na aya mpya, kama nilivyofundishwa, na Wanjiku akaandika ameinama, machozi yanadondokea kaki. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Tulipomaliza alisoma kimya, akakunja, akanipa. "Peleka haraka kabla sijabadilisha kitu."

Jumamosi tulikuwa stoo tangu asubuhi: Mhariri Mkuu amekunja mikono ya shati, Bi. Keziah aliyekuwa amerudi Ijumaa na hajanisemesha hata neno, mimi, na Wanjiku aliyekuja bila kuitwa. Karatasi ile, ambayo wachapaji huiita karatasi ya masahihisho, tuliibandika ndani ya kila nakala kwa gundi ya unga. Wanjiku alikuwa na vidole vyepesi kutushinda wote. Katikati ya kazi akasimama na karatasi moja mkononi.

"Nekesa, hii sentensi si yangu."

Alinionyesha. Mama kitabuni anasema, "Nilikuacha penye chakula." Ni maneno matatu tu.

"Mimi niliandika mengine hapo. Siyakumbuki, lakini si haya. Haya umeyatoa wapi?"

Kazini walinijua kama msichana tu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na sasa nikasema mbele ya wote, gundi ikiwa mikononi. Nikasema nina mtoto. Anaitwa Peris, ana miaka sita, nimemwacha Webuye kwa mama yangu, kwa sababu hapa nalala sakafuni kwa mjomba. Nikasema kila siku najiambia maneno hayo nikivuka reli. Pengine yaliingia yenyewe. "Tuyatoe," nikasema. "Tuchape karatasi nyingine."

Wanjiku alipaka gundi, akabandika, akalainisha kwa kiganja kama anavyolainisha kola. "Yaache," akasema. "Mama yangu angesema hivyo hivyo." Bi. Keziah akanisogezea bakuli la gundi. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kunisemesha tena.

Jumapili niliketi safu ya nyuma na nakala yangu, nafuata kwa kidole, maana mazoea ni mazoea. Wanjiku alisoma ile sura ya hukumu kwanza. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, leso mpya imemfunika uso. Kisha Wanjiku akafika kwenye karatasi tuliyobandika. Aliposoma "Nilikuacha penye chakula," yule mama akainua kichwa na kusema kwa sauti, mbele ya mchungaji na kila mtu, "Ndivyo ilivyokuwa." Na baadaye kidogo, "Hebu soma tena hapo." Wanjiku akasoma tena. Alisoma mara nne kabla hajaruhusiwa kuendelea. Nililia bila kugongewa meza.

Jumatatu Mhariri Mkuu aliniita. "Hufukuzwi," alisema. "Lakini mwaka mzima hutatia sahihi yako kwenye karatasi yoyote ya nyumba hii." Nilikaa mwaka mzima nikiwa mshika mswada, nasoma koma. Kisha nikawa Msomaji wa Prufu, nikawa Mhariri Msaidizi, nikawa Mhariri wa Hadithi chini ya Meneja Uzalishaji aliyetuletea kompyuta na kututangazia kwamba makosa yamekwisha duniani. Niliwahi kumhesabia makosa ya kompyuta yake mpaka akaniomba nimhurumie. Kuanzia ile wiki hakuna daftari la mwandishi lililouzwa tena. Nililipigania hilo kwa kila bosi aliyekuja.

Siku hizi nimestaafu, ningali Makongeni, na vijana wanakuja kwangu Jumamosi. Kuna mmoja kutoka Kware, Mercy, anayeandika riwaya nzima kwenye simu akiwa kitandani. Alikuja mara ya kwanza akasema, "Shosho, stori yangu iko fiti, ni hawa wachapishaji tu wananizungusha."

"Una nakala nyingine mahali?"

"Iko kwa simu."

"Na simu ikiibwa?"

Nilimfukuza arudi akiwa amejitumia kwa barua pepe na amempa ndugu yake nakala ya pili. Alikasirika, lakini alirudi. Sasa namwambia yaleyale ninayowaambia wote. Mswada ukimaliza ulaze wiki tatu, usiuguse, nenda maktaba ya mtaa ukasome vya wenzio bure. Mchapishaji akisema anataka sura mbili na muhtasari wa ukurasa mmoja, mpe hivyo hivyo. Usimtumie kitabu kizima na picha yako. Mkataba usiusaini siku hiyohiyo unapoletewa, hata kama kuna soda na picha. Uliza: nawauzia hakimiliki moja kwa moja, au nawakodishia kwa miaka mingapi? Kitabu kikiisha madukani na msikichape tena, kinarudi kwangu lini? Anayekasirishwa na maswali hayo hakufai. Na prufu ya mwisho uidai uione mwenyewe. Ishike na mswada wako kando, mtu mwingine akikusomea. Kujua kitabu chako sana ndiko kutakakokufumba macho. Muulizeni Nekesa.

Nimeridhika, sina la kulalamikia. Miguu inauma na macho ni ya kuazima, lakini nimeishi kwa maneno ya watu na sikulala njaa. Sahihi niliyoitia vibaya ni moja tu, na ilirekebishwa kwa gundi.

Limebaki moja. Mwisho wa mwezi ule wa uzinduzi niliomba ruhusa, nikapanda gari la Webuye. Mjomba alikuwa amekubali tuwe wanane. Nilimkuta Peris uani kwa mama anapepeta mahindi, amerefuka, na hakunikimbilia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikachuchumaa mbele yake na kumwambia yale maneno yaliyomwinua kichwa mama mzima kanisani. "Mwanangu, nilikuacha penye chakula."

Peris alinitazama, ungo uko mkononi. "Kwani Nairobi hakuna chakula?"

Nilimkunjia nguo zake kwenye shuka, tukaondoka. Kwa hiyo huu ndio ushauri niliouweka mwisho, na ni mzito kuliko wa mikataba: mtafute mtu mmoja asiyekuogopa, mwenye haki ya kukuuliza hivyo, ndiye umpe mswada wako wa kwanza kabla ya mhariri yeyote. Wangu ni yuleyule wa ungo; yuko Umoja, ni mwalimu, na anakuja kila Ijumaa na kalamu yake. Haya mliyoyasoma aliyapitia yeye. Alifuta kurasa mbili za kujisifu, akafika hapa, akaifunika kalamu, akasema, "Hapa usiguse kitu, mama."